Mpiga Kengele Aliyeosha Jiwe la Vita

Kengele ya kanisa letu pale Kitale haikufuata saa, ilifuata mtu. Ubaoni iliandikwa kwamba ibada ya kwanza ni saa moja na nusu, lakini washiriki wote tulijua itaanza Mpiga Kengele akishamaliza uji wake. Kuna wakati akina mama walichanga wakanunua saa ya ukutani. Pasta akaitundika chini ya mnara, karibu kabisa na kamba, ili mzee asipate kisingizio. Mzee akaitazama, akaipangusa kioo kwa mkono wa koti, akasema ni saa nzuri sana. Jumapili iliyofuata akachelewa dakika ishirini.

"Sasa ni nini tena, mzee?" pasta akamwuliza, kanzu ya ibada tayari iko mwilini.

"Pasta, hii saa yako haioni njia. Mimi nimeona yule mama wa mapacha ndio kwanza anapanda kutoka kwa daraja, mmoja mbele, mmoja mgongoni. Nipige kengere ndio aanze kukimbia na watoto wa watu?"

Pasta akageuka kutazama njia. Yule mama alipofika kwenye lango, kengele ikalia, naye akaingia akaketi taratibu, akijua leo amewahi.

Nilimjua mzee huyu kwa miaka kama saba hivi, miaka ile simu ya mkononi ilikuwa inaanza kuingia mifukoni mwa watu wa kawaida. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikatoka kwetu upande wa Chwele na cherehani ya shangazi, nikapata nafasi kwenye baraza la duka linalotazamana na ua wa kanisa. Ukikaa kwenye cherehani siku nzima, macho yako lazima yapate mahali pa kupumzikia. Mimi nilikuwa mtu wa kuota mchana, nikijiona na duka langu la kioo, maharusi wa Bungoma nzima wamepanga foleni, na nikizinduka kutoka kwenye ndoto hiyo macho yalikuwa yameshatua kwake. Yeye naye alikuwa wa pande za kwetu, kwa hiyo nilimwita Kuka, ndiyo babu kwa lugha yetu, naye akaniita mayi, kama mtu anayemwita mama yake. Jina lake halisi nilikuja kulijua, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mpiga Kengele, basi, hata kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa.

Kazi yake ya pili haikuwa kwenye orodha yoyote. Kando ya kanisa, katikati ya ukuta na ua wa kayaba, kuna jiwe la vita. Ni jiwe refu la kijivu, limepita kimo cha mtu, limesimama juu ya ngazi mbili. Walowezi waliliweka kuwakumbuka watu wao waliokufa vitani. Kuna majina kumi na moja, yote ya kizungu, yamechongwa ndani kwa herufi za kupendeza. Halafu chini kabisa, karibu na ngazi, kuna mstari mmoja mfupi. Kiingereza changu cha kidato cha pili kilitosha kuusoma. Ulisema: na watu wao.

Kila Jumamosi mchana Mpiga Kengele alikuja hapo na karai la maji, mkebe wa majivu, mchanga laini kidogo, na magunzi ya mahindi. Alikunja suruali, akapiga magoti, akalisugua jiwe lile vile mama zetu wanavyosugua sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Akimaliza aliinuka kwa hatua tatu, goti moja, goti la pili, halafu kiuno, akarudi nyuma kulitazama kama mtu aliyemwogesha mtoto.

Vijana wa baiskeli za abiria walikuwa na kituo chao pale langoni, na hawakumwacha.

"Kuka! Wazungu walikuachia urithi gani, mbona unawaosha hivyo?"

"Waliniachia wewe," alijibu bila kugeuka. "Na hakuna mtu amekuja kukuchukua."

Wakacheka mpaka baiskeli zikaanguka.

Lakini swali lenyewe hata mimi lilinisumbua, kwa sababu mzee huyu hakuwapenda walowezi hata kidogo. Alikulia kwenye mashamba yao, na hasira zake alizihifadhi vizuri, kila moja na siku yake. Alinionyesha jina la nne kutoka juu. "Huyu ndugu yake ndiye alinifukuza kwa sababu ya mbwa. Mbwa alikula ndoo nzima ya maziwa, mimi nikaambiwa nimekunywa. Mimi! Maziwa yenyewe yalikuwa hayajachemshwa!" Akakunja uso kama kwamba mbwa yule bado yuko hapo. Halafu akachota majivu na kuliosha jina la nne, polepole, hata ndani ya herufi.

"Sasa kwa nini unamwosha, Kuka?"

"Maji yanaanza juu, mayi. Nikiosha wa chini peke yake, uchafu wa hawa utamshukia."

Wakati huo sikuelewa ni nani huyo wa chini. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Alikuwa na rafiki mmoja wa karibu, mwadhini wa msikiti wa mjini, mtu mfupi mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kanisa letu zima. Siku nyingi baada ya swala ya alasiri alikuja na chupa ya chai, wakaketi kwenye ngazi ya jiwe.

"Mimi naita watu kwa koo langu," mwadhini alimwambia. "Wewe unapiga chuma. Siku ya mwisho tutaona nani alifanya kazi."

"Koo bila chai lingefika wapi? Mimi chuma changu hakiombi sukari."

"Chai yenyewe ni yangu, wewe!"

"Ndio nakusaidia kuibeba, bana."

Mke wa mwadhini alipofariki, Mpiga Kengele alikwenda mnarani akamlilia kwa kengele, ile ya polepole ya matanga. Wazee wa kanisa walimwita. Walimwambia kengele ile ni ya washiriki. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akasema kengele haina kadi ya ushirika, na kama wanataka kumpa barua ya kumwachisha kazi waiandike kwa herufi kubwa, macho yake hayako sawa. Hawakuiandika. Mwadhini mwenyewe nilimwona siku hiyo amesimama nje ya ua, kofia mkononi, mpaka sauti ya mwisho ilipoisha.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi ajabu. Nilimshonea shati, akasema kola inamkaba, nikailegeza, akasema sasa inamfanya aonekane amekonda, akavaa lile la zamani mpaka Krismasi. Alipenda kuwakosoa wanaoimba. Aliweza kuniambia saa nzima jinsi mishono yangu imependeza, halafu akamaliza na, "Lakini hautauza, mayi, kwa sababu unacheka na wateja sana. Mteja akicheka anasahau kununua." Na kitu kimoja hakukivumilia kabisa, kilio cha watu matangani. Aliondoka. Mtu aliyepiga kengele ya kila maiti mjini hakuweza kukaa karibu na kaburi likichimbwa.

Siri yake niliipata kwa bahati. Siku moja alikuja mama mmoja wa kizungu, mzee, na kofia ya nyuzi, akitafuta jina la babu yake. Likawa ni la sita. Alilikuta safi kabisa, likisomeka kama lilichongwa jana, akaweka mkono pale akalia bila sauti. Alipoambiwa nani analitunza, akataka kumpa mzee pesa. Mzee akakunja ngumi zake zikawa kama mawe mawili.

"Mayi, wewe umeenda shule. Mwambie sitaki kitu. Mwulize tu, watu wa babu yake waliitwa nani?"

Niliuliza kwa kile Kiingereza changu, kikikatika katikati kama uzi mbovu. Yule mama hakuelewa, nikamwonyesha mstari wa chini. Akausoma. Akausoma tena. Halafu akatikisa kichwa akasema hajui, hakuna aliyewahi kumwambia, na hata yeye hakuwahi kuuliza. Aliomba radhi kwa moyo, naweza kusema hivyo. Akaondoka.

Mzee alibaki ameketi kwenye ngazi. Nikamletea maji.

"Nina kaka yangu hapa," akasema.

Kaka yake aliitwa Wekesa. Alichukuliwa jeshini akapelekwa Burma, na mwajiri aliyempeleka kuandikishwa alikuwa mmoja wa hawa kumi na moja, naye hakurudi pia. Vita vikaisha, vijana wengine wa lokesheni, wa vijiji vya jirani, wakarudi na makoti ya kijani. Wekesa hakurudi, na hakuna karatasi iliyokuja kusema amekufa. Kwetu mtu akipotelea mbali mwili usionekane, watu hukata shina la mgomba, wakalivisha nguo zake, wakalizika bomani kwao kama mtu, wakamlilia, apate mahali pake. Wazee walitaka kufanya hivyo. Mama yao akasimama kwenye mlango akakataa. Alisema hatazika mgomba wakati mwanawe anatembea. Alingoja mpaka akafa, na aliyeketi naye akingoja alikuwa huyu mtoto wake mdogo.

"Nilipokuja Kitale kutafuta kazi, mtu akanisomea hili jiwe," akasema. "Na watu wao. Nikajua ni hapa alipoandikwa. Sijui wengine walikuwa wangapi, nao nawaosha. Lakini wangu ni Wekesa."

Mimi nalia upesi, watu wanajua, kwa hiyo nilikimbia kurudi kwenye cherehani na kushona mkono wa blauzi ya mtu kinyume.

Tangu siku hiyo sikuweza kuliangalia jiwe kama zamani. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kusikia alipoanza kulalamika juu ya vidole vyake.

"Vimekufa ganzi," aliniambia. "Ni ile kamba ya kengere, miaka yote hii. Zamani macho yalipoanza kuharibika nilikuwa namsoma kwa vidole. Sasa napapasa, simsikii." Akanionyesha ncha za vidole, ngumu na zenye kung'aa. "Ama ni uchafu umeingia ndani. Lazima nisugue zaidi."

Akaongeza mchanga kwenye majivu.

Muda si mrefu alikuja fundi wa mawe wa makaburi kutoka Moi's Bridge, kuweka msalaba wa mshiriki mmoja. Alipomaliza alizungukazunguka jiwe la vita kwa heshima ya fundi kwa kazi ya fundi mwingine. Halafu akachuchumaa, akapitisha kiganja chini, akaniita.

"Dada, nani anasugua hii kama sufuria?"

Nikamwambia ni mzee wetu, anaipenda sana.

"Ameipenda mpaka imeisha. Huku juu maandishi bado mazima, kwa sababu mtu wa magoti hafiki huku na nguvu. Lakini hapa chini ndiko uzito wote unapoenda. Ona. Bila jua la upande huwezi kujua kulikuwa na kitu."

Niliinama nikatazama. Mstari ulikuwa umebaki kama kovu la zamani kwenye ngozi. Nikamwuliza kama anaweza kuuchonga upya, mzee asijue. Akasema kuchonga ni rahisi, lakini jiwe la aina hii halina ruhusa ya kuguswa ovyo, niende kwa pasta. Nikaenda. Pasta alisikitika kweli, akaandika barua kwa wanaohusika na vitu vya kale. Tukangoja. Mpaka mahindi yakavunwa shambani hakukuwa na jibu.

Mimi nikajaribu ujanja wangu. Nilimpelekea mzee kitambaa laini cha pamba, nimekikunja vizuri, nikamwambia siku hizi mawe yanaoshwa hivi. Akakipapasa, akacheka. "Hiki ni cha kuogesha mtoto mchanga, mayi. Mshonee mtu shimizi." Akarudi kwenye magunzi na mchanga wake, akasugua palepale, kwa mikono miwili. Kadiri alivyokosa kumsikia kaka yake ndivyo alivyozidi kusugua. Kila Jumamosi niliyonyamaza, nilikuwa namsaidia kumfuta.

Basi Jumamosi moja niliacha nguo ya mteja kwenye sindano nikavuka barabara. Alikuwa amepiga magoti, maji ya majivu yamemfikia viwiko. Nikapiga magoti kando yake, nikaushika mkono wake wa kulia, nikaupandisha juu, mpaka jina la pili, mahali ambapo hakuwa amepapasa kwa miaka.

"Papasa hapa, Kuka. Unasikia?"

Kidole chake kikaingia kwenye herufi, kikafuata mstari, kikapinda nao, kikatoka. Uso wake ukang'aa. "Ala! Nasikia! Hii ina mkia!"

"Vidole vyako havijafa," nikasema.

Nikashusha mkono wake mpaka chini. Akapapasa kutoka kushoto kwenda kulia. Akarudi. Akaenda tena, kwa kiganja chote. Nilimwona akielewa. Ilichukua muda, na mimi niliushika ule mkono muda wote, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Ni mimi," akasema.

"Kuka..."

"Si mvua. Si wazungu. Ni mimi na majivu yangu."

Akamwaga maji ya karai kwenye kayaba, akakusanya magunzi moja moja akayatia kwenye mkebe, akaenda nyumbani bila kuaga. Jumapili ile kengele ilipigwa na mzee mmoja wa kanisa, saa moja na nusu kamili kwa ile saa ya ukutani, na nusu ya watu wakakuta neno la kwanza limeshasomwa. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Mwadhini alikuja na chupa yake ya chai, akakuta ngazi tupu, akaja kwangu.

"Mwenzangu yuko wapi?"

Nikamweleza yote, nikitarajia anilaumu. Alimimina chai kwenye kifuniko, akanipa mimi.

"Ameenda kwao," akasema. "Mtu akipoteza kaburi, hurudi kwa ndugu zake."

Alikuwa amesema kweli. Wiki ya tatu, siku ya soko, Mpiga Kengele alitokea barazani kwangu, amevaa lile shati nililomshonea, lile la kola ya ugomvi. Alionekana amepungua, lakini alisimama wima. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona mjini, maana alikuwa amekuja kuaga. Alishampelekea pasta ufunguo wa mnara.

"Nimekaa na watu wa nyumbani," akasema akiketi kwenye kiti cha wateja. "Wengi ni watoto wa watoto, hawamjui. Nimewaambia tukate mgomba. Mama alikataa kwa sababu alikuwa anangoja, sawa. Lakini mama alishaenda. Na huku jiweni ameshatoka, mimi mwenyewe nimemtoa. Nikifa mimi hakuna aliyebaki aliyeona uso wake. Sasa atarara wapi?"

Nikasema ni vizuri, Kuka. Ni vizuri kabisa.

"Nguo zake ziliisha na panya. Nataka shati. Zuri, la vifungo, la mwanamume."

Nikashusha kitambaa cheupe nilichokuwa nimemwekea bwana harusi mmoja, nikamwambia hiki ndicho. Akakipapasa, akakubali, na kwa mara ya kwanza hakukikosoa. Nikatoa tepu ya kupimia.

"Vipimo?"

Akainuka. Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, juu kabisa, mpaka ukagusa ukingo wa paa. "Alikuwa hivi. Na mabega kutoka hapa hadi kwa ule mlango. Alinibeba begani na gunia la mahindi juu ya bega la pili, nakwambia." Mkono ukabaki pale hewani. Akautazama. Halafu, kidogo kidogo, akaushusha.

"Mimi nilikuwa nachunga mbuzi," akasema. "Kila mtu alikuwa mrefu."

"Alikuwa na miaka mingapi, Kuka?"

"Alikuwa ametahiriwa msimu uliotangulia tu kabla ya kuchukuliwa."

Kwetu anayetoka kutahiriwa ni kijana wa miaka kumi na mitano, kumi na sita. Nikamwambia tutafute mtu wa umri huo tumpime, shati litakaa. Akageukia langoni, kwa vijana wa baiskeli, macho yake mabovu yakikodoa mmoja baada ya mwingine. Wakubwa walikuwa wameenda na abiria. Alibaki mmoja mgeni, aliyeanza kazi mwezi huo, mwembamba, ndevu zimejaribu kuota kidevuni zikaghairi. Nikampungia. Akaja akikokota baiskeli.

"Sasa, dada. Ni wapi, Kuka?"

"Hakuna safari. Simama hapo upimwe," nikasema.

"Mimi? Ati napimwa ya nini, bana? Sina pesa ya shati."

"Si lako. Nyoosha mkono."

Nikapima bega kwa bega, nikapima mkono, nikazungusha tepu shingoni, na shingo ikawa ndogo kiasi kwamba nilipima tena. Mpiga Kengele alikuwa amesogea karibu. Alimpapasa kijana begani, ule mfupa mwembamba chini ya fulana, akashuka mkononi, akamshika kiganja akakifungua.

"Huyu?" akaniuliza polepole. "Ndio kipimo?"

"Umri ndio huo, Kuka."

"Lakini huyu ni mtoto, mayi." Akakifunika kile kiganja kwa mkono wa pili. "Huyu ni mtoto kabisa."

Yule kijana akanitazama kuuliza kama amekosea kitu. Nikamtikisia kichwa, kwamba hapana. Mzee alikuwa bado amekishika kile kiganja kwa mikono yake yote miwili.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado, Kuka."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana jioni."

Akamshika mkono, wakavuka barabara kwa mama wa chapati, mzee mbele, kijana nyuma akigeuka kuangalia baiskeli yake. Nikaisogeza baiskeli kivulini, nikaandika vile vipimo ukutani kwa chaki, nikashika mkasi.